Kaburi la mfalme wa Nanyue pale Guangzhou: mnaoenda kufunga mzigo, tengeni siku moja muingie

Wapendwa habari zenu. Leo siongelei duka la mapazia wala agenti wa kontena, naongelea makumbusho, na nianze kabisa na nyota ili anayesoma kwa haraka aondoke na kitu: nyota 5, zote, na ningekuwa na ya 6 ningeiweka.

Hii ni kwa wenzangu wa Guangzhou, sisi tunaoenda mara mbili tatu kwa mwaka, tunafikia mtaa wa Xiaobei, tunahangaika na sampo na oda wiki nzima, afu tukirudi watoto wakiuliza China kuna nini tunawajibu kuna maduka mama. Mimi nauza vitambaa na mapazia, nimeenda safari 6 na zote 6 nimeswali Ijumaa pale msikiti wa Xianxian, ule ambao wenyeji wanasema ndipo alipozikwa Sahaba Saad bin Abi Waqqas, barabara ya Jiefang Kaskazini. Na kila nikitoka msikitini nikashuka na barabara hiyohiyo napita ukuta mkubwa wa mawe mekundu, umechongwa chongwa, ndio makumbusho yenyewe, watu wanapanda ngazi, mimi nawaza hesabu za mita za kitambaa napita zangu.

Safari ya mwaka jana ndio niliingia mara ya kwanza, tulikuwa kundi la watu 9, kuna mtembezaji alitukusanya (jina lake wala la ofisi yake sitaji), tukalipa hela nzuri tu, akatukimbiza ndani kama anatuhamisha nyumba, dakika 30 tukawa nje, tulichoambiwa ni kwamba huyu alikuwa mfalme tajiri sana. Basi. Tajiri wa wapi, alitajirika na nini, utajiri ukaenda wapi, hakuna. Nilitoka nimeumia kweli. Mwezi wa tatu huu nikiwa pale msikitini kuna mzee wa Kingazija anaishi Guangzhou miaka mingi, nikamwamkia tukawa tunaongea, akaniuliza, "Mwanangu, pembe umeziona?" Nikamwambia pembe zipi mzee wangu? Akanionyesha kwa mkono kule chini ya barabara, akasema, "Rudi. Nenda peke yako, nenda asubuhi, usiwe na haraka."

Nikarudi. Oda yangu ilikuwa haijakamilika kiwandani, siku 2 sina la kufanya, nikazimalizia huko.

Kufika ni rahisi, metro laini namba 2, unashuka stesheni ya Yuexiu Park, ukitoka hutembei hata dakika 5. Mimi nililipa yuan 10, pesa ambayo ukinunua chai ya maziwa ya kwenye kikombe haitoshi. Pasipoti usiiache hotelini. Ndani picha unapiga, maelezo ya Kiingereza yapo, na simu yenye programu ya kutafsiri itakusaidia pale maandishi ya Kichina yanapokuwa marefu kuliko ya Kiingereza.

Sasa niwape kisa chenyewe maana bila kisa utaona vyombo tu. Nanyue ulikuwa ufalme uliodumu miaka 93, kuanzia 204 KK mpaka 111 KK, wafalme 5, na mji mkuu wake ukiitwa Panyu, ambao ndio hii Guangzhou tunayobebea mizigo. Miaka 93 ni kitu gani, ni bibi na mjukuu tu hapo. Na aliyeuanzisha hakuwa hata mtu wa huku.

Ilikuwa hivi. Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa dola ya Qin, yule wa jeshi la askari wa udongo, alipomaliza kuiunganisha China mwaka 221 KK akaitaka na nchi ya kusini ng'ambo ya milima ya Nanling, nchi ya Wayue, ndio wenyeji wa huko, joto, misitu, pembe za vifaru, lulu. Akatuma jeshi, maandishi ya kale yanataja watu laki 5, na Wayue hawakukaa kumsubiri, wakaingia porini wakawa wanashambulia usiku, jemadari wa Qin aitwae Tu Sui akauawa hukohuko. Chakula cha askari kikawa hakifiki maana milima. Ikabidi wachimbe mfereji unaounganisha mito miwili, unaitwa Lingqu, na mpaka leo upo kule Guangxi na maji yanapita. Mwaka 214 KK ndio wakaishika nchi. Mmoja wa maofisa waliobaki kuitawala alikuwa kijana kutoka kaskazini mbali kabisa, Zhending, mkoa wa Hebei wa sasa, anaitwa Zhao Tuo, akapewa wilaya ya Longchuan.

Haikupita muda Qin Shi Huang akafa na nchi ikaanza kuwaka. Bosi wake Zhao Tuo, mzee Ren Xiao, yuko kitandani anaumwa, akamwita akamwambia mambo ambayo mimi nayafupisha: kaskazini kumeharibika, sisi huku Panyu tuna milima mgongoni na bahari mbele yetu, hapa panatosha kuwa nchi. Akafa. Zhao Tuo akatuma barua kwenye vipito vya milimani, fungeni njia, majeshi yanakuja. Afu maofisa wa Qin akawaondoa mmoja mmoja kwa kisingizio cha sheria akaweka watu wake. Qin ilipoanguka yeye akajitangaza Mfalme Wu wa Nanyue.

Kinachonifanya nimpende huyu mzee ni jinsi alivyokaa na watu. Amekuja na jeshi la uvamizi, lakini akaacha nywele zake zifungwe fundo la Kiyue, watu wake wakaoa Wayue, wakubwa wa Kiyue wakapewa vyeo. Mwaka 196 KK mfalme mkuu wa Han, dola mpya ya kaskazini, akamtumia mjumbe, msomi anaitwa Lu Jia (jina hili lishikeni, kuna Lü Jia mwingine anakuja mbele na ni mtu tofauti kabisa). Zhao Tuo akampokea amekaa kaitanua miguu mbele, fundo la nywele kichwani, jambo ambalo kwa watu wa Han ni utovu wa adabu. Lu Jia hakuogopa, akamkumbusha kwamba makaburi ya wazee wako yapo kule Zhending, na Han wakikasirika watayafukua wayachome. Basi Zhao Tuo akainuka akakaa vizuri akaomba radhi, akasema nimekaa huku siku nyingi mno nimesahau adabu za kwetu. Baada ya hapo wakawa marafiki, akamzuia miezi kadhaa wanakunywa na kuongea, akamwambia huku sina mtu wa kuzungumza naye, tangu umekuja kila siku nasikia jambo jipya. Mimi niliposoma hapo nilisimama kidogo. Mtu ana nchi nzima na hana wa kuongea naye lugha ya kwao, wale waliokaa ugenini wananielewa.

Akapokea muhuri wa Han akakubali kuwa mfalme chini yao. Biashara ikafunguka mpakani. Afu mfalme mkuu akafa, mjane wake Lü akashika madaraka, na yeye akafunga soko. Vyuma na zana za kilimo marufuku kuvuka kwenda kusini, na farasi, ng'ombe na kondoo wakiuzwa wauzwe madume tu, majike hapana. Tafakarini hiyo. Unamuuzia mtu dume ili kila mwaka arudi kwako, asizalishe mwenyewe. Sisi wafanyabiashara tunaijua hiyo, kuna watu wanakuuzia mashine bila kukuuzia kipuri. Zhao Tuo akaona huku ni kunyongwa taratibu, mwaka 183 KK akajitangaza na yeye mfalme mkuu, sawa na wa Han, akapiga vijiji vya mpakani. Jeshi la yule mama lilikuja likakwama chini ya milima, joto na unyevu na maradhi yakawamaliza, zaidi ya mwaka hawajavuka.

Mama Lü alipofariki 180 KK, aliyefuata, Mfalme Wen wa Han, alifanya jambo la busara ambalo vita chache zimewahi kulifanikisha, aliyatengenezea makaburi ya wazee wa Zhao Tuo kule Zhending, akaweka watu wa kuyatunza, ndugu zake akawapa vyeo, afu akamtuma tena Lu Jia, sasa naye mzee. Zhao Tuo akajibu kwa barua ambayo imehifadhiwa, anasema mimi mzee nimekaa Yue miaka 49, sasa nabeba wajukuu, nalala sipati usingizi, nakula sipati ladha. Cheo kikubwa akakiacha. Na akatuma zawadi, orodha yake ipo: jade nyeupe (jiwe la thamani) jozi, manyoya elfu moja ya ndege mdiria, pembe 10 za kifaru, kauri 500 za zambarau, mdiria hai jozi 40, tausi jozi 2. Hiyo ndio bidhaa ya kusini ya wakati huo. Lakini cheo alikiacha kwenye barua tu, nyumbani kwake aliendelea kuitwa mfalme mkuu mpaka anafariki 137 KK, akiwa amewazika wanawe, na umri wake wanasema ulivuka miaka 100.

Sasa ushahidi wa hilo uko ndani ya kioo ghorofani, na hapa ndipo mtembezaji wetu alitupitisha mbio. Mwaka 1983 walikuwa wanasawazisha kilima kinaitwa Xianggang, maana yake kilima cha tembo, wajenge nyumba za kuishi, mashine zikagonga mawe. Mita 20 hivi chini ya kilele lilikuwepo kaburi la mawe, vyumba 7, mawe zaidi ya 750, halijaguswa na mwizi hata mmoja kwa miaka 2,100. Na kumbukeni kwamba karne ya 3 BK mtawala mmoja, Sun Quan, alishatuma watu wayatafute makaburi ya wafalme hawa wachukue mali, wakapata la mfalme wa tatu wakalikomba, hili wakalikosa. Aliyelala humu ni mfalme wa pili, mjukuu wa Zhao Tuo. Vitabu vya kale vinamwita Zhao Hu lakini muhuri wake mwenyewe wa jade unasema Zhao Mo. Na kifuani alikuwa na muhuri wa dhahabu, joka limejikunja juu yake, gramu 148.5, upana sentimita 3 na kidogo, umeandikwa "Muhuri wa Mfalme Mkuu Wen", Wen hapa ni yeye Zhao Mo, siyo yule Wen wa Han. Kwa Han alikuwa mfalme mdogo mtiifu, nyumbani mfalme mkuu. Nimeutazama muhuri ule muda mrefu. Kwenye mifereji ya herufi na pembeni una mikwaruzo, maana yake ulitumika, haukuwa wa maziko tu.

Kaburini unashuka mwenyewe, unaingia kabisa. Ngazi zinashuka, mlango ni mwembamba, dari iko chini, mama zangu wenye magoti mshuke taratibu. Mawe mekundu yana ubaridi hata nje kukiwa na jua la Guangzhou tunalolijua. Chumba cha katikati ndipo alipolala yeye. Cha pembeni mashariki walilazwa wanawake 4, wake zake, na mihuri yao. Mmoja, Bibi wa Kulia, ana muhuri wa dhahabu wenye kobe na mwingine wa pembe ya ndovu wenye jina lake, Zhao Lan. Wenzake watatu tumebaki na vyeo vyao tu. Chumba cha magharibi wapishi na watumishi 7, pamoja na vyungu vyao. Jumla watu 15 walizikwa nae, mpiga kengele, mlinzi. Walizikwa kwa sababu yeye amekufa. Pale chumba cha wapishi nilisimama nikawasomea Fatiha kimoyomoyo, sijui kama inafaa ila ndio nilichoweza kuwapa.

Ya hao wapishi ipo juu kwenye ukumbi, majiko ya shaba ya kuchomea nyama, na mishikaki yake, na ukiinama utaona pembeni vijinguruwe vidogo vya shaba pua juu, vimetobolewa, ndipo wanapochomeka vijiti vya mishikaki visipotee. Aliyebuni kile alikuwa anapika kweli, siyo mtu wa kuchora tu. Kuna vyungu vilikutwa na mifupa ya vindege zaidi ya 200.

Sasa pembe. Ziko 5, zilikuwa zimelazwa pamoja kwenye kichumba kingine cha magharibi, cha mbele, siyo kile cha wapishi, kubwa, ndefu kuliko zote sentimita 126, zimeoza oza zimekuwa rangi ya udongo. Kusini mwa China wakati ule tembo walikuwepo, kwa hiyo mtu angesema ni wa hapohapo, lakini wataalamu waliozilinganisha waliona unene na mkunjo wake ni wa tembo wa Afrika siyo wa Asia. Mfalme huyu kafa 122 KK. Mimi mtu wa Tanga, tumekua tukisimuliwa pembe na majahazi kama habari ya Waarabu na masultani, Kilwa, Bagamoyo, misafara. Hizi zimelala ardhini kabla Kilwa haijajengwa nyumba ya jiwe hata moja, na yale maandishi ya mabaharia wa Kigiriki yanayotaja bandari ya Rhapta na pembe zake yameandikwa zaidi ya miaka 100 baadae. Na hapohapo jirani kuna kisanduku kilikutwa na ubani ndani. Ubani jamani, ule ule, wa Uarabuni na Somalia, kipande kimegeuka cheusi. Na vyetezo vyake! Kuna chetezo cha shaba vyumba vinne vimeunganishwa, kila kimoja na kifuniko chake chenye matundu, ili ufukize aina nne za manukato kwa mpigo. Mama yangu angekiona angeuliza bei. Kuna na bakuli la fedha lenye kifuniko, umbo lake limevimba vimba kama punje za kitunguu saumu, kazi ya mtindo wa Uajemi. Pembe, ubani na bakuli hili wanasema viliingia kwa bahari, kupitia mkono mmoja mpaka mwingine, mpaka vikafika mji huu ambao leo sisi ndio tunaufuata. Mzee wa Kingazija hakuniambia haya yote, aliniambia pembe tu, nadhani alitaka nifike mwenyewe.

Wenzangu wa vitambaa, msitoke bila kuona mambo mawili. La kwanza vazi la jade alilozikwa nalo, vipande 2,291. Nimelikagua mshono. Kichwa, glavu na viatu vipande vimetobolewa kona zake vikashonwa kwa uzi wa hariri, lakini kiwiliwili vipande havikutobolewa, vimegandishwa juu ya kitambaa afu utepe mwekundu wa hariri umepitishwa msalaba msalaba juu yake, mraba kwa mraba. Fundi alijua wapi pana kunja na wapi hapana. Lugha za makumbusho zinasema uzi wa hariri badala ya dhahabu kama ilivyo kwa wafalme wa Han, mimi naona tu kazi ya fundi aliyekuwa na haraka kiwiliwilini na akatulia mikononi. La pili watu wanalipita kabisa, vibamba viwili vidogo vya shaba vya kuchapia nguo, kimoja kama ndimi za moto, kingine kidogo zaidi. Mihuri ya kugonga rangi kwenye kitambaa, kama tunavyogonga batiki, ya miaka 2,100 iliyopita. Niliomba Mungu mtu wa usafi asinifukuze, nimekaa pale robo saa. Hariri zenyewe zilizikwa mabunda kwa mabunda, zimekuwa majivu.

Kuna na ukumbi wa mito ya kulalia, ya udongo wa kuchomwa, zaidi ya 200, zawadi ya mkusanyaji mmoja wa Hong Kong, mizuri ila nimepita haraka.

Anguko lake sasa. Huyu Zhao Mo alivamiwa na jirani, Minyue, mwaka 135 KK, na badala ya kupigana akaomba msaada Han. Han wakaja, na deni likabaki. Akampeleka mwanawe Yingqi akakae Chang'an, mji mkuu wa Han, mwenyewe akasingizia ugonjwa ili asiende. Yingqi kule Chang'an akaoa mwanamke wa Kihan kutoka mji wa Handan, ukoo wa Jiu, akazaa nae Xing. Aliporudi kutawala akamfanya huyo ndio malkia na mwanawe ndio mrithi, wakati alikuwa na mke wa Kiyue na mtoto mkubwa zaidi, Jiande. Hapo ndipo nyumba ilipopasuka, wala siyo mpakani.

Yingqi akafa, mtoto Xing akawa mfalme, mama ndio mwenye sauti. Mwaka 113 KK Han wanamtuma mjumbe na nani wamemchagua? Anguo Shaoji, mwanaume aliyekuwa na uhusiano na huyu mama kabla hajaolewa. Uhusiano ukarudi, mji mzima ukajua. Mama anataka nchi ijiunge na Han moja kwa moja. Anayempinga ni waziri mkuu, Lü Jia, mzee aliyetumikia wafalme watatu, watu zaidi ya 70 wa ukoo wake wana vyeo, wanawe wameoa mabinti wa mfalme, na Wayue wanamsikiliza yeye kuliko ikulu. Mama akaandaa karamu, akawaweka wajumbe wa Han mezani, akamchokoza Lü Jia mbele yao akitegemea wamuue palepale. Wajumbe wakatazamana, hakuna aliyethubutu, nje kuna askari wa mdogo wake Lü Jia. Mzee akainuka kuondoka. Mama akashika mkuki amchome mwenyewe, na mwanae mfalme ndiye aliyemzuia mkono. Kijana yule nilimwonea huruma. Alimwokoa mtu ambaye baada ya miezi alimuua.

Maana mwaka uliofuata, 112 KK, Han walituma watu 2,000 tu, na walipovuka mpaka Lü Jia akawatangazia watu kwamba mfalme ni mtoto, mama ni mtu wa Han, atabeba hazina yote na watumishi wenu wakauzwe utumwa Chang'an. Mfalme, mama na wajumbe wote wakauawa. Jiande, mtoto wa mke wa Kiyue, akakalishwa kitini. Wale 2,000 wakaachwa waingie, wakapewa na chakula njiani, wakamalizwa wakiwa karibu na Panyu.

Mfalme Wu wa Han (siyo Zhao Tuo, aliyejiita Wu naye) akatuma askari laki nzima kwa njia 5, na merikebu za ghorofa mitoni. Jemadari mmoja wa Han, Yang Pu, akatangulia na askari wa kuchagua, akakamata mashua za mchele za Wayue, akamsubiri mwenzake Lu Bode aliyefika na watu elfu moja na ushee tu. Panyu ikazungukwa. Jioni Yang Pu akavunja upande wake akauwasha moto mji. Upande wa pili Lu Bode hakupiga kabisa. Giza limeingia, waliomo ndani hawajui ana watu wangapi, wanalijua jina lake tu, na kila anayetoka kusalimu amri Lu Bode anampa muhuri wa cheo na kumrudisha ndani akawaite wenzake. Moto unawasukuma huku, mihuri inawavuta huku. Kulipopambazuka mji wote ulikuwa kambini kwake. Lü Jia na Jiande walikimbia usiku kwa mashua na watu mia kadhaa, wakafuatwa baharini wakakamatwa. Mfalme Wu alikuwa safarini habari ilipomfikia, na mahali alipokuwa akapaita Huojia, yaani amekamatwa Jia. Ni wilaya kule Henan, jina ni hilohilo mpaka leo. Nchi ikakatwa majimbo 9, mengine ndio Vietnam ya kaskazini ya leo, na ndio maana Wavietnamu nao wanamsoma Zhao Tuo shuleni kwa jina la Triệu Đà na wanabishana kama ni mtu wao au mvamizi.

Ijumaa nikamrudia mzee, nikamwambia pembe nimeziona, ubani nimeuona, karibu nilie. Akaniuliza, "Na kasri?" Nikasema lipi tena. "Basi hujamaliza mwanangu."

Tangu 2021 makumbusho haya yameunganishwa na eneo la kasri, ni sehemu ya pili ya makumbusho hayohayo, ipo barabara ya Zhongshan ya 4, unashuka metro Gongyuanqian, na mimi sikulipa kitu. Wengi hawafiki huko kwa sababu hakuna dhahabu. Mimi nasema msiondoke Guangzhou bila kufika, maana kaburi ni mtu mmoja, hapa ndipo walipokuwa wanaishi. Unatembea juu ya ardhi iliyochimbwa unaona tabaka juu ya tabaka, kila utawala umejenga juu ya mwenzake, visima kwa mamia. Chini kabisa ni wao. Walikuwa na bustani, na ndani ya bustani kijito cha kutengeneza, mita 150 hivi, kimejengwa kwa mawe, kinapinda pinda, chini kokoto zimepangwa ili maji yakipita yatoe sauti. Magamba ya kobe yalikutwa humo mengi, walifugwa wakiwa wanaota jua kwenye maji.

Na kwenye kisima kimoja, mwaka 2004 na 2005, walitoa vibao vyembamba vya mbao zaidi ya 100 vyenye maandishi, karatasi za ofisi za kasri. Siyo mashairi wala amri za vita. Kimoja ni hesabu ya mti. Kinasema mkunazi mmoja, namba 94, matunda 986. Mkunazi wa Kichina ni mti wa kaskazini, wa kule kwenye baridi alikotoka Zhao Tuo. Akaupanda kwenye joto la Panyu, akaupa namba, na kila msimu karani anatumwa bustanini kuhesabu, moja, mbili, tatu, mpaka 986.